René Descartes na Tezi ya Usiku

Wengi wetu hapa shuleni twalijua jina la Descartes kwa sababu ya hesabu. Kila tuchorapo grafu, mstari mmoja wa x na mmoja wa y, twafuata njia iliyoanzia katika kitabu alichokitoa Mfaransa huyo mwaka 1637. Lakini ni wachache wajuao kwamba mtu huyo huyo alitumia miaka mingi akipasua viungo vya wanyama waliochinjwa ili ajue jinsi mwili unavyofanya kazi na mahali ambapo roho ya mwanadamu hukutana nao. Alipodhani amepaona mahali penyewe, alikuwa amekionyesha kidude ambacho wataalamu wa elimu ya viumbe walikuja kukihangaikia miaka mia tatu baadaye, kwa sababu nyingine kabisa. Habari hiyo ndiyo nitakayoieleza, pamoja na maisha yake, maana si rahisi kuzitenga.

Alizaliwa tarehe 31 Machi 1596 katika mji mdogo wa La Haye, nchini Ufaransa. Siku hizi mji wenyewe unaitwa Descartes kwa heshima yake. Mama yake alifariki mwaka uliofuata, na baba yake alikuwa mwanasheria mwenye kazi mbali na nyumbani, kwa hiyo mtoto akalelewa na bibi yake. Alikuwa dhaifu, mwenye kikohozi kikavu na uso uliopauka, na waganga walidhani hataishi sana. Alipofika umri wa kusoma alipelekwa katika chuo cha mapadri Wajesuiti huko La Flèche, shule ya bweni iliyosifika katika nchi nzima. Kwa ajili ya udhaifu wake, mkuu wa chuo alimpa ruhusa ya kubaki kitandani asubuhi, akiwaza, wakati wenzake wamekwisha kuamka. Sisi wa bwenini ruhusa ya namna hiyo hatuioti hata ndotoni! Desturi hiyo hakuiacha maisha yake yote. Watu walisema kuwa mambo yake mengi ya maana aliyafikiri akiwa bado chini ya blanketi. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa kuwa mwishoni litakuwa na uzito.

Mwaka 1616 alipata shahada ya sheria katika chuo cha Poitiers, lakini hakuifanyia kazi. Mwaka 1618 alikwenda Uholanzi akajiunga na jeshi la Mwanamfalme Maurice wa Nassau, na huko Breda akakutana na Isaac Beeckman, mtu aliyemfanya apende kutumia hesabu katika mambo ya maumbile. Usiku mmoja wa Novemba 1619, akiwa Ujerumani, aliota ndoto tatu, na alipoamka alisadiki kwamba kazi yake duniani ni kuijenga upya elimu yote tangu msingi. Yeye alikuwa na umri wa miaka 23. Baada ya kusafiri huku na huku alirudi Uholanzi mwaka 1628, akakaa nchi hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, akihama nyumba mara kwa mara ili wageni wasimsumbue.

Katika majira ya baridi ya 1629 kuingia 1630 alikuwa akikaa Amsterdam katika mtaa wa Kalverstraat, ambao jina lake latokana na ndama waliouzwa pale. Karibu kila siku alikwenda kwa mchinjaji kutazama ng'ombe wakichinjwa, akanunua viungo alivyovitaka, akavipeleka nyumbani kuvipasua kwa nafasi. Baadaye watu walimcheka kuwa mwungwana mzima ashinda machinjioni. Yeye alijibu kwamba kutaka kujua mwili ulivyoumbwa si kosa, na mimi naona jibu lile lilitosha.

Jaribio lake moja laweza kufanywa hata leo. Alichukua jicho la ng'ombe, akakwangua ngozi ya nyuma mpaka ikabaki utando mwembamba, kisha akalitia jicho lile katika tundu la dirisha, chumba kizima kikiwa giza. Juu ya utando akaona picha ya vitu vya nje, imepinduliwa, miguu juu kichwa chini. Hivyo akaonyesha kwamba jicho ni kama chumba chenye kitundu cha kupitisha nuru. Habari za jaribio hili alizichapisha mwaka 1637 pamoja na zile za grafu.

Kabla ya hapo alikuwa ameandika kitabu kikubwa juu ya ulimwengu na juu ya mwili wa mtu. Mwaka 1633 akasikia kuwa Galileo amehukumiwa mjini Roma kwa kufundisha kwamba dunia yalizunguka jua. Descartes alikuwa amefundisha vivyo hivyo. Akakificha kitabu chake, na sehemu ihusuyo mwili haikuchapishwa mpaka mwaka 1662, alipokwisha kufa. Wako wanaomlaumu kwa woga. Lakini yeye alikaa nchi ya Waprotestanti, wala hakuna polisi wa Roma ambaye angemfikia. Nionavyo mimi hakuogopa kifungo tu, aliogopa pia kufarakana na Kanisa lililomlea.

Njia yake ya kutafuta ukweli ilikuwa kutilia shaka kila kitu, hata mikono yake mwenyewe, mpaka afike penye jambo lisilokubali shaka. Akaona kwamba huyu anayetia shaka lazima awepo. Kutoka hapo akaamua kuwa mtu ana mambo mawili: mwili, ambao ni mashine kama saa ya ukutani, na roho, ambayo haina uzito wala upana. Wanyama aliwanyima roho. Kwake ng'ombe alikuwa mashine tupu.

Mtu aliyeandika hivyo hakuwa na moyo wa jiwe. Mwaka 1635 alipata binti, Francine, kwa mwanamke aliyeitwa Helena Jans, mtumishi wa nyumba, ambaye hakumwoa. Alinuia kumpeleka mtoto Ufaransa akasomeshwe. Septemba 1640 Francine alikufa kwa homa ya vipele, umri wake miaka mitano. Mwaka huo huo akafiwa na baba yake pia. Descartes alisikitika sana, wala hakuona haya kuwaambia rafiki zake kwamba machozi hayapunguzi uanaume wa mtu.

Sasa tuje kwenye tezi. Ikiwa mwili na roho ni vitu viwili, yapo mahali fulani vinapokutana, ni wapi? Descartes alitafuta ubongoni. Akaona kwamba karibu kila sehemu ya ubongo imeumbwa mbili mbili, ya kushoto na ya kulia, kama macho na masikio. Lakini mtu hutazama kwa macho mawili akaona kitu kimoja. Basi lazima pawe na sehemu iliyo moja tu, picha mbili zipate kuungana. Katikati kabisa ya ubongo alikuta tezi moja ndogo, kwa mtu ni kama punje ya mchele, ambayo waganga wa kale wa Kiyunani waliifananisha na tunda la msonobari. Ndiyo maana huitwa tezi ya pineali. Akasema hapo ndipo penye kiti cha roho. Akachora mistari kutoka machoni mpaka kwenye tezi, akaeleza jinsi hewa nyembamba itokayo katika damu inavyoisukuma huku na huku, na jinsi roho nayo inavyoigeuza ili kuvitawala viungo.

Mtu wa kwanza kumbana vizuri hakuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alikuwa Binti Mfalme Elisabeth wa Bohemia, msichana wa miaka 24, ambaye jamaa zake walikuwa wakimbizi nchini Uholanzi. Mwaka 1643 alimwandikia kumwuliza: kitu kisicho na uzito wala upana chawezaje kukisukuma kitu chenye uzito na upana? Descartes alijibu kwa adabu nyingi, binti akauliza tena, na nikisoma habari za barua zao naona kuwa binti ndiye aliyeshinda. Waliandikiana mpaka Descartes alipokufa, na maswali ya Elisabeth ndiyo yaliyomfanya aandike kitabu chake cha mwisho juu ya hisia za moyo, kilichotoka mwaka 1649, ambamo habari za tezi zimeelezwa kwa urefu.

Mwaka huo huo Malkia Christina wa Uswidi, kijana wa miaka 22, alimwita Stockholm amfundishe falsafa. Descartes alisita, kisha akaenda, akafika Oktoba akakaa nyumbani kwa balozi wa Ufaransa. Malkia alikuwa na kazi nyingi mchana, akachagua saa ya masomo iwe saa kumi na moja alfajiri. Mji ule uko kaskazini sana. Mwezi wa Desemba mchana wake ni wa saa sita tu na usiku saa kumi na nane, na Januari jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi. Mwaka ule baridi ilikuwa kali kuliko kawaida. Mtu aliyezoea tangu utoto kulala mpaka mchana alitolewa kitandani gizani, akapanda gari la farasi, akasimama katika maktaba yenye baridi mbele ya malkia. Balozi aliugua kwanza, kwa ugonjwa wa mapafu, akapona. Kisha Descartes akaugua ugonjwa ule ule. Akakataa kwanza kutolewa damu na waganga. Akafa tarehe 11 Februari 1650, umri wake miaka 53.

Wazo lake la tezi halikuishi sana baada yake. Mwaka 1665 Niels Stensen, mpasuaji hodari kutoka Denmark, alihutubu mjini Paris akaonyesha kwamba tezi haiwezi kuyumba huku na huku kama Descartes alivyosema, maana imeshikwa na sehemu zilizoizunguka. Tena wanyama wanayo, na wengine kubwa kuliko ya mtu, na hao ndio aliowanyima roho! Basi tezi ikaachwa, watu wakaiona kama kipande kisicho na kazi.

Ilirudi kwa njia ya ajabu. Mwaka 1898 daktari wa Kijerumani, Otto Heubner, alieleza habari za mtoto mdogo wa kiume aliyebalehe mapema mno, ambaye alikuwa na uvimbe katika tezi hiyo. Mwaka 1917 Wamarekani wawili, McCord na Allen, waliwapa viluwiluwi maji yaliyotokana na tezi za ng'ombe, na ngozi zao zikapauka. Mwaka 1958 Aaron Lerner, tabibu wa maradhi ya ngozi wa Chuo Kikuu cha Yale, pamoja na wenzake, baada ya kusaga tezi maelfu na maelfu kutoka machinjioni, alifaulu kuipata dawa yenyewe iliyopausha ngozi, akaiita melatonini. Yeye alitumaini itaponya maradhi ya rangi ya ngozi, na kwa hilo haikufaa. Lakini ng'ombe wa machinjioni, ambao Descartes aliwaendea kila siku, ndio waliotoa jibu.

Melatonini hutengenezwa usiku tu. Nuru ikiingia machoni, habari zake hufika sehemu ya ubongo iliyo kama saa, kisha hushuka kwa mishipa ya fahamu mpaka shingoni, ndipo hupanda tena mpaka kwenye tezi na kuizuia. Giza likiingia tezi huachiliwa, nayo humwaga melatonini katika damu mpaka karibu na mapambazuko. Usiku ukiwa mrefu, melatonini hukaa damuni muda mrefu. Usiku ukiwa mfupi, muda mfupi. Kwa hiyo mnyama aliye shimoni, asiyejua kalenda, anajua tarehe. Descartes alipochora mstari kutoka jichoni mpaka kwenye tezi alikosea njia, lakini kwamba nuru ya machoni hufikisha habari pale, hakukosea.

Mwaka 1965 Hoffman na Reiter, huko Marekani, walionyesha kazi ya kalenda hiyo. Walitumia hamsta, mnyama mdogo mfano wa panya, ambaye huzaa siku zikiwa ndefu. Hamsta dume akiwekwa katika giza refu, korodani zake husinyaa kwa wiki chache, wala hawezi kuzalisha. Lakini walipoitoa tezi ya pineali kwanza, korodani hazikusinyaa, giza liwe refu namna gani. Jambo jingine lajulikana kwa hamsta hawa: hata wakiachwa gizani, baada ya miezi mitano hivi korodani hukua tena zenyewe, kana kwamba mwili wasema majira ya baridi yamekwisha, hata kama jua halijaonekana.

Kondoo wa Ulaya hufanya kinyume. Siku zikifupika ndipo jike hutafuta dume. Melatonini ni ile ile, usiku mrefu ni ule ule, ila mmoja huambiwa acha na mwingine huambiwa anza. Nilipolifikiri jambo hili niliona jibu liko katika hesabu ya mimba. Hamsta hubeba mimba siku 16 tu, kwa hiyo akipandwa siku zikiwa ndefu, watoto huzaliwa nyasi zikiwa tele. Kondoo hubeba miezi mitano, kwa hiyo hana budi kupandwa kabla ya baridi ili mwana-kondoo azaliwe majira ya kuchipua. Mwendo ni tofauti, shabaha ni moja. Wafugaji wa Australia na wa Ulaya wameitumia elimu hii: huweka kidonge kidogo cha melatonini chini ya ngozi, nyuma ya sikio la kondoo, na mwili wake ukadhani usiku umerefuka, akapandwa mapema kuliko wenzake.

Kwetu sisi tulio karibu na ikweta mambo ni mengine. Dar es Salaam, siku ndefu kuliko zote haizidi siku fupi kuliko zote hata kwa saa moja, na mbuzi wetu huzaa mwezi wowote, madhali wamepata majani. Kalenda ya kwetu ni mvua.

Bado liko jambo la kinga ya mwili. Mwaka 1986 Maestroni na wenzake walionyesha kwamba panya waliozuiwa kutengeneza melatonini hupungukiwa na nguvu ya kujilinda na vitu vigeni vinavyoingia mwilini. Baada ya hapo watafiti kama Randy Nelson wa Marekani waliwatazama wanyama wadogo wa nchi za baridi, wakaona kwamba siku zikifupika, wakati viungo vya uzazi vinasinyaa, sehemu kadha za kinga huzidi kuwa na nguvu. Maelezo yao ni ya uchumi. Wakati wa baridi chakula ni haba na mwili watumia nguvu nyingi kujipasha moto. Nyumba yenye gunia moja la mahindi haifanyi harusi na kuezeka paa katika mwezi mmoja. Mnyama huahirisha harusi, akaezeka paa. Wala si kila sehemu ya kinga huzidi: kwa hamsta wa Siberia, homa ya ugonjwa huwa fupi zaidi siku zikiwa fupi, labda kwa kuwa homa yenyewe hula nguvu nyingi.

Baadhi ya wenzangu wa darasani walisema: kumbe tezi ya Descartes ingemlinda kule Stockholm, maana usiku ulikuwa mrefu. Hilo sikubaliani nalo. Mwanadamu si hamsta. Sisi huzaa miezi yote kumi na miwili, na wala haijathibitishwa kuwa giza la kaskazini humwongezea mtu kinga kama linavyomwongezea mnyama yule. Tuna hakika na jambo dogo zaidi: melatonini ya mtu nayo hupanda usiku na kushuka asubuhi, na saa kumi na moja alfajiri ya Januari, katika giza lile, tezi ya Descartes ilikuwa bado kazini wakati yeye alikuwa amesimama akifundisha.

Alizikwa Stockholm. Mwaka 1666 mifupa yake ilifukuliwa irudishwe Ufaransa, na leo imo katika kanisa la Saint-Germain-des-Prés mjini Paris. Fuvu la kichwa halikuwamo. Lilikuwa limebaki Uswidi, likapita mikono ya watu wengi, wengine wakaandika majina yao juu yake, mpaka mwaka 1821 mwanakemia Berzelius alipolipata baada ya mnada, akalipeleka kwa Cuvier, mtaalamu wa wanyama. Sasa fuvu linalosemwa kuwa lake linahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Musée de l'Homme, katika mji ule ule wa Paris, mbali na kaburi lenye mifupa mingine.